Tone la Saba

Wajenga nyumba moja wasigombee fito, husemwa.
Sawa. Na fito zenyewe zikigombana?

Ndizo hizi, ndani ya mrija wangu wa kioo,
nyembamba kiasi kwamba uzi wa buibui mbele yao ni gogo,
zimenyooka, ngumu, na zote zimebeba chaji hasi
tangu utosini hadi unyayoni.
Zikisogeleana zinasukumana.
Maji ni maangavu. Ukiyatazama
hutajua kuna ugomvi.

Novemba, Ljubljana, usiku. Ukungu umeketi juu ya mto
kama mgeni asiyejua kuaga.
Profesa Hribar kaniachia ufunguo, chupa ya chai,
na onyo moja: usiharakishe.

Kwa ukaidi nilianza na chumvi ya mezani.
Chembe zake zina chanya moja moja;
zikazizunguka fito kama watoto wanaozunguka gari la harusi,
kelele tele, hakuna aliyeoa.
Ndipo nikachukua spemini,
kijimolekuli chenye chanya nne mgongoni,
nikadondosha.
Moja. Mbili. Nikaandika. Tatu.
La nne nilipiga chafya, nikalirudia upya na mrija mwingine.
La sita, kimya.
La saba,
maji yakaingia ukungu.

Mafahali wa zizi moja, wamelala ubavu kwa ubavu!
Wala hawajapendana. Hasi ni hasi bado.
Ila vile vidogo vyenye nne vimejipanga kati yao,
hapa kimoja, mkabala wake pengo,
pale pengo, mkabala wake kimoja,
kama meno ya zipu,
na kila ufito unavutwa
na kile kilichong'ang'ania mwilini mwa mwenzake.

Kaka zangu, Jernej na Vitomir, hawasemezani mwaka wa sita huu.
Chanzo ni kozolec ya baba,
uchanja wa kukaushia nyasi, nguzo nane na paa linalovuja.
Siku ya maziko Lucija, binti wa Vitomir,
alishika kidole cha huyu na kidole cha yule
(ana miaka minne; nisameheni, si mimi niliyepanga),
wakasimama hivyo, mabega yamegusana,
mpaka koleo la mwisho la udongo.
Kisha wakaja wapatanishi:
padri, wakili, baba wa ubatizo, shangazi wawili na keki yao.
Kila mmoja alimkamata mmoja, akamjaza maneno,
mpaka wote wawili wakafurika, wakaachana tena.

Profesa hapendi mifano ya namna hii.
Polima, asema, haina baba wa kumrithi.
Lakini nilipoendelea kutia, la thelathini, la arobaini,
ukungu ulitoweka.
Chanya zimezidi, kila ufito umevikwa mpaka shingoni,
na maji yamerudi kuwa maangavu,
yana ugomvi mpya.

Kinachoninyima usingizi ni kingine.
Nikiyaweka chini ya darubini yale matita ya tone la saba,
hayanenepi bila mwisho.
Yanafika unene fulani, yanakoma,
kana kwamba kuna aliyesema: inatosha.
Fito zimebaki nje, nyingi. Spemini ipo. Nafasi ipo.
Sababu tunazo tatu, na zenyewe hazipatani.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa naosha mirija
mama alipoandika simuni:
Jernej kaazima ngazi kwa Vitomir.
Basi. Hakusema ya nini, wala kama waliongea
au ngazi ilitolewa tu, ikaegemezwa ukutani.

Niliinakili daftarini, pembeni mwa tone la saba.
Nikaifuta.
Alama ya kalamu bado inaonekana
ukiinamisha karatasi kwenye taa.